Udaktari chuo binafsi Moshi: kuipata nafasi na kuilipia miaka mitano

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida Julai, steshenari ninayofanyia kazi hapa Moshi mjini hujaa mpaka kibarazani. Wazazi wameshuka kutoka Machame, Marangu na Rombo, wengine wametoka Arusha na vijana wao, bahasha za kaki kwapani. Wenye watoto waliosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wanauliza jambo moja kuhusu chuo cha udaktari cha hapa Moshi: "KCMC atapata?" La ada huulizwa baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye ni Oktoba, barua ya kujiunga iko mkononi na zimebaki wiki mbili.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata kalenda, lakini mwenye haraka aruke moja kwa moja mpaka kwenye hesabu. Nafasi huamuliwa na matokeo, na matokeo yakishatoka yametoka. Malipo ndiyo yenye maamuzi, na maamuzi hayo hufanywa kabla mtoto hajathibitisha chuo, si baada.

## KCMC ni chuo cha nani

Watu wengi mjini hulitumia jina moja kwa hospitali na chuo, halafu wanashangaa kusikia ada ni ya chuo binafsi wakati hospitali ni ya rufaa ya kanda na ina watumishi wanaolipwa na Serikali. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo kilianza 1997, kikawa kwa miaka mingi chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, wakati ule tukikiita KCMUCo, na sasa ni chuo kikuu kinachojitegemea. Kiko chini ya taasisi ya Msamaria Mwema ya KKKT. Kwa hiyo, kwenye ada, kihesabu kama chuo binafsi.

Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari. Bugando kule Mwanza na Kairuki Dar es Salaam ni vyuo binafsi vyenye kozi hiyo hiyo, na karibu kila nitakachokisema hapa kinavihusu pia. Anayetaka sheria au ualimu Chuo Kikuu cha Makumira, au kozi yoyote Chuo Kikuu cha Mwenge, atumie sehemu za nyaraka na mkopo. Sehemu ya pointi haimhusu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiombe chuo binafsi peke yake. Muhimbili, UDOM na vyuo vingine vya umma vyenye udaktari ombea pia, hata kama moyo wako uko KCMC kwa sababu nyumbani ni Kibosho na mtoto angekula kwenu. Tofauti ya ada ni kubwa, na hakuna kinachokuzuia kuomba vyuo vingi kwa dirisha moja.

## Pointi na mchepuo

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo kwa waombaji. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kila kozi ya kila chuo imo, pamoja na sifa za kuingia, idadi ya miaka na idadi ya nafasi. Nenda kwenye ukurasa wa chuo unachokitaka, usome mwenyewe. Usitegemee picha ya skrini iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi na haihesabiwi kama ufaulu wa prinsipali. Kwa udaktari wanataka prinsipali tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, na kiwango cha chini ambacho kimekuwa kwenye kitabu ni D kwa kila somo, yaani jumla pointi 6.

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Baba anakuja na mtoto mwenye D, D, C, pointi 7, anasoma sifa, anaona zimetimia, anaanza kupiga simu kijijini. Pointi 6 zinakuruhusu kupanga foleni. Chuo kina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa na TCU, na waombaji wenye pointi 11, 12 na zaidi wanataka nafasi hizo hizo. Mwenye 7 aombe, hakuna sheria inayomzuia, lakini chaguo la pili na la tatu alijaze kwa akili, asiweke tu ili fomu ikubali kwenda mbele.

Na chaguo la pili si lazima liwe la kujutia. KCMC ina uuguzi, maabara, fiziotherapia, macho, na kozi ya viungo bandia na vifaa saidizi inayotokana na TATCOT, kituo kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Huwa nawaambia vijana wasome kozi hizo zinafanya nini kabla ya kuzidharau.

Kwa mwenye mtoto wa kidato cha nne anayesema anataka udaktari: mchepuo ni PCB. CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, haina Fizikia. Kila mwaka wapo vijana wenye A mbili za CBG, wanalia mbele ya kompyuta kwa sababu mfumo hauwaonyeshi kozi ya udaktari, na hakuna mtu aliyewaambia mapema kule shule. Milango mingine ya afya bado iko wazi kwao, ule mmoja umefungwa.

Ipo pia njia ya stashahada. Aliyesoma Stashahada ya Tiba akapata wastani wa B au GPA ya 3.0, na ana angalau D za Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza za kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari. Atahitaji namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ile AVN, na aiombe mapema kwa sababu bila hiyo fomu ya chuo haisogei. Wapo matabibu wazuri waliopitia njia hii baada ya miaka ya kazi, na wodini huwa wametangulia wenzao mbali.

## Nyaraka: anza Machi, usisubiri Julai

Hii ndiyo sehemu inayochelewesha watu kuliko zote. Hakuna nyaraka hata moja kati ya hizi inayohitaji matokeo ya kidato cha sita, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzisubirisha.

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kama hakipo, kinaombwa kupitia RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilayani huduma iko kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Kikipatikana kinahakikiwa tena na RITA kwa mtandao kwa ajili ya mkopo. Bodi ya Mikopo haikubali nakala isiyohakikiwa. Kama mzazi mmoja au wote wamefariki, cheti cha kifo nacho kinapita uhakiki huo huo. Waliozaliwa Zanzibar hupitia wakala wa usajili wa huko.

Halafu majina. Mama mmoja alikuja na kijana wake, akaweka vyeti mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Niangalizie hapa. Shule wameandika Elly J. Mushi. Ubatizo ni Eliaika Yohane. Na hiki cha kuzaliwa babake aliandikisha Eliaika Y. Mushi."

"Kitambulisho cha taifa je?"

"Hicho kinasema Elly Yohana."

Hati nne, majina manne, mtu mmoja. Mkoani kwetu jambo hili ni la kawaida kabisa: jina la ubatizo, jina la shule, jina la babu, J ya John na Y ya Yohane. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Chukua jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne liwe ndilo la msingi, kwa sababu namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo itakayokufuata chuoni na Bodi ya Mikopo. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Ikiwa majina yenyewe yamebadilika, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kazi hiyo ina gharama na ina siku zake. Ukiifanya Machi ni usumbufu tu. Ukiigundua Agosti, dirisha la mkopo linakaribia kufungwa na mawakili wote wa mjini wana foleni ya watu kama wewe.

Kusanya na hivi: picha za pasipoti, kitambulisho cha taifa cha mdhamini wako au angalau namba yake, akaunti ya benki kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF, pata namba ya kaya. Kama mwanafunzi au mzazi ana ulemavu, kuna fomu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na ofisi hizo hazisaini siku unayofika.

Na jambo moja linalowagusa watu wa Kilimanjaro na Arusha kuliko mikoa mingi: kama mtoto alisoma sekondari ya binafsi kwa kulipiwa na mfadhili, parokia, usharika au mjomba aliye Marekani, pata barua ya mfadhili huyo. Bodi huangalia ada uliyolipa sekondari katika kupima uwezo wa familia. Bila barua, watakuona kama mtu aliyemudu mamilioni kwa mwaka, na mkopo utapungua au usije kabisa.

## Ukiitwa JKT

Wahitimu wengi huitwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria mara baada ya mtihani, na madirisha ya vyuo na mkopo hufunguka wakati bado wako kambini. Hata ukipangiwa Oljoro hapa jirani, usitegemee kutoka kuja kusaini fomu. Kabla hujaondoka, mwachie mtu mmoja unayemwamini, mama au dada, bahasha yenye nakala za kila kitu, nywila ya barua pepe, na laini ya simu utakayoitumia kwenye maombi ikiwa ndani ya simu inayowaka. Mtu mmoja tu. Nimeona familia ambayo baba, kaka na mwalimu kila mmoja alimfungulia kijana akaunti yake, na mfumo ukakataa zote mbili za mwisho kwa kuwa namba ya mtihani ilishatumika.

## Kuomba nafasi

Tangu mwaka 2017 unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, si TCU. Unafungua akaunti kwa namba yako ya mtihani, unalipa ada ya maombi kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mfumo unakupa, unachagua kozi kwa mpangilio wa mapenzi yako, unapakia vyeti, unatuma. Ukikaa na nyaraka zote mezani ni kazi ya saa moja. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja ajaze namba zote za mtihani, za kidato cha nne na cha sita, hata ile ambayo hapendi kuikumbuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo halinisaidii kibiashara. Unapokuja steshenari, namba ya simu na barua pepe zinazoandikwa kwenye fomu ziwe zako. Kuna vijana wa kompyuta, wengine kwa nia njema kabisa, ambao huandika namba zao ili wateja wasisumbuke. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, namba ya siri ya kuthibitisha chuo inakuja kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyoandikwa pale. Kama simu ni ya kijana wa steshenari, na kijana amehamia Babati, nafasi yako iko Babati. Simama nyuma ya kiti, soma kila kinachoandikwa, na kabla hajabonyeza kutuma muulize: "Kaka, hiyo namba ni ya nani?" Asiyetaka kuulizwa, hama meza.

Na anayekuambia ana mtu ndani ya chuo wa kukusogezea pointi, mwache hapo hapo. Uteuzi wa kila chuo hupelekwa TCU na kupitiwa huko. Hela unayompa inaishia kwake.

Dirisha la kwanza likifungwa, majina hutangazwa. Usipokuwemo, kuna dirisha la pili, na wakati mwingine la tatu, kwa kozi zenye nafasi zilizobaki. Udaktari kwa dirisha la pili ni nadra kwenye vyuo vinavyogombewa.

## Mkopo wa Bodi

Kwanza niondoe uvumi: Bodi ya Mikopo, HESLB, haimkatai mwanafunzi kwa sababu chuo ni binafsi. Anayetakiwa kuomba ni Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 35, aliyemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, asiye na ajira ya kumuingizia kipato, na aliyepata udahili kwenye chuo kinachotambuliwa.

Maombi ya mkopo ni tofauti na maombi ya chuo. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka yupo aliyekaa nyumbani akiamini chuo kitampelekea jina Bodi. Unaomba kwenye mfumo wa Bodi, ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, unajaza taarifa za wazazi, unachapa fomu, inasainiwa na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, na mdhamini, kisha unaiskani yote na kuipakia tena. Kosa la kawaida hapa ni ukurasa mmoja kukosa muhuri au saini, au skani isiyosomeka. Bodi hutoa muda wa kurekebisha, lakini lazima uwe unaingia kwenye akaunti yako kuangalia. Watu wakishatuma husahau.

Mkopo una mafungu. Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopanda kutoka 8,500 mwaka 2022. Hilo ndilo boom ambalo wanafunzi hulisubiri, na likija la siku 60 ni 600,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Kuna mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Na kuna ada ya mafunzo, inayolipwa moja kwa moja kwa chuo.

Fungu la ada lina kikomo, na kikomo hicho hakiongozwi na ada ya chuo chako binafsi. Na ndani ya kikomo, Bodi inakupangia kiasi kulingana na uhitaji wako. Kwa hiyo "amepata mkopo" haimaanishi "ada imelipwa". Ingia kwenye akaunti yako, soma kila fungu na kiasi chake, andika kwenye karatasi. Ukiona kiasi hakilingani na hali ya nyumbani, hutangazwa muda wa kukata rufaa. Hapo ndipo zile barua za mfadhili na vyeti vya vifo vilivyohakikiwa huonyesha thamani yake.

Pia upo ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa waliopata ufaulu wa juu kabisa kwenye masomo ya sayansi kidato cha sita na kudahiliwa sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu tiba. Ule haurudishwi. Mwenye matokeo ya kutisha asiridhike na fomu ya mkopo, aangalie kama jina lake limo kwenye orodha.

## Hesabu ya pengo

Sasa karatasi na kalamu. Takwimu za ada hapa chini ni za mfano, si za chuo chochote. Za kweli ziko kwenye tovuti ya chuo na kwenye maelekezo ya kujiunga.

Tuseme ada ni milioni 6 kwa mwaka. Tuseme Bodi imekupangia milioni 2.5 kwenye fungu la ada. Pengo ni milioni 3.5. Kwa miaka mitano ni milioni 17.5. Pengo la mwaka mmoja ukiligawa kwa miezi kumi na miwili, kila mwezi familia itoe takribani shilingi 292,000, kila mwezi, mwezi wa msiba na mwezi wa harusi, kwa miaka mitano.

Juu ya hapo kuna michango ambayo haimo kwenye ada: usajili, mitihani, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, amana, ada ya udhibiti ubora ya TCU shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Kwa daktari ongeza koti jeupe, stetoskopu, na vitabu ambavyo 200,000 haivifikishi mbali. Na chumba. Hosteli za chuo hazitoshi kila mtu. Wengi hupanga Longuo na Rau, ambako mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na dalali anataka cha kwake. Mtoto anayeweza kulala kwa shangazi Soweto au Majengo amekwisha kuokoa sehemu kubwa ya boom.

Kuna kitu kingine watu hawakiweki kwenye hesabu: muda. Siku ya usajili chuo kinataka sehemu ya ada na michango yote. Boom halijaingia bado, kwa sababu fedha za Bodi hutoka baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kuthibitisha kwamba yupo chuoni. Wiki kadhaa za mwanzo unakula na kulala kwa hela ya nyumbani. Familia iliyokusanya ada peke yake, bila hela ya wiki hizo, ndiyo ambayo mtoto wake anapiga simu usiku wa wiki ya pili.

Uliza ofisi ya uhasibu ya chuo maswali matatu kabla ya kuthibitisha: ada inalipwa kwa awamu ngapi na tarehe zipi, mwenye salio anaruhusiwa kufanya mtihani au anazuiwa, na ada hii ni ya miaka yote mitano au hupanda kwa kila mwaka wa masomo. Swali la mwisho lijibiwe kwa maandishi. Na kumbuka kwamba mwaka unaokaririwa hulipiwa upya, na udaktari una sapu, yaani mitihani ya marudio, za kutosha.

## Pengo linazibwa na nini

Kwanza, wenyewe nyumbani. Wachagga tunajua kuitana. Lakini kikao cha ukoo kinachokusanya milioni 4 Desemba, watu wakiwa wamepanda nyumbani, kinalipa mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa tatu watu wamechoka na kuna mtoto mwingine amefaulu. Nionavyo mimi, ukoo uombwe ahadi ndogo ya kila mwezi yenye mweka hazina mmoja na akaunti moja, hata watu sita wa 30,000, kuliko harambee kubwa ya siku moja yenye pilau na spika.

SACCOS na vikoba vinafaa kwa kulipa awamu moja iliyobana, si kwa kubeba miaka mitano. Mkopo wa benki kwa mshahara wa mwalimu au muuguzi unakatwa kila mwezi kwa miaka. Aliyeuchukua mwaka wa kwanza hana tena pa kushika mwaka wa nne. Kuuza kiamba, yaani shamba la ukoo, siwezi kukuamulia. Naweza tu kusema kwamba anayekodisha sehemu au kuuza ng'ombe na miti kwanza bado ana ardhi mwaka wa tano ukifika.

Makanisa husaidia, lakini huanzia chini: barua ya mzee wa mtaa, mchungaji wa usharika, jimbo, kisha dayosisi. Kwa Wakatoliki ni jumuiya, kigango, parokia. Barua hizo nazo ziandaliwe mapema, na msaada mara nyingi ni wa sehemu. Hospitali za mashirika ya dini hudhamini watumishi wao kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka fulani. Ukiletewa mkataba wa namna hiyo, soma kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya kipengele cha fedha.

## Kuthibitisha na kuripoti

Ukiwa na hesabu kamili, ndipo uthibitishe. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja ana siku chache tu za kuingiza ile namba ya siri kwenye mfumo wa chuo anachokitaka. Ukithibitisha kimoja, vingine vimeondoka. Kama umepata Dodoma na KCMC kwa pamoja, na pengo la KCMC halina majibu kwenye karatasi yako, chagua Dodoma bila aibu. Huko pia watu wanakuwa madaktari, na mabasi ya kurudi nyumbani Desemba hayakosekani. Uhamisho kati ya vyuo upo, lakini hutegemea nafasi na sifa, kwa hiyo usiufanye kuwa mpango.

Siku ya kuripoti beba vyeti halisi, si nakala peke yake, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, risiti za malipo zilizochapwa, na namba ya simu ile ile. Jisajili siku za mwanzo. Kisha mtafute afisa mikopo wa chuo ana kwa ana, mwambie jina lako na namba ya kidato cha nne, umuulize kama jina lako limekuja na lini mnathibitisha. Asiyethibitisha kwa wakati hela yake inaweza kurudishwa Bodi.

Deni lenyewe linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye mshahara wa milioni moja ni 150,000. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa inawakimbiza watu iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni utakaloliona ukihitimu halitaendelea kuvimba. Tunza taarifa ya mkopo ya kila mwaka kwenye bahasha ile ile ya kaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa.